Dawa ya Utumbo, Dhiki ya Mapafu

Aghalabu Mkenya akisikia vidonda vya tumbo hufikiria asidi na pilipili. Makala hii inahusu maradhi mengine kabisa, yaani uvimbe sugu wa matumbo, jina linalojumuisha ugonjwa wa Crohn na vidonda vya utumbo mpana. (Neno ‘uvimbe’ halituridhishi, maana hutumiwa pia kwa saratani, ila ndilo tulilo nalo.) Maradhi haya hutibiwa kwa miaka mingi, na baadhi ya dawa zake, ingawa kwa nadra, huyadhuru mapafu.

Mfano ulio bayana ni sulfasalazini. Dawa hii ilibuniwa nchini Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1930 na daktari Nanna Svartz, akishirikiana na kampuni ya Pharmacia, ili kutibu baridi yabisi. Ni kemikali mbili zilizofungwa pingu moja: sulfapiridini, ambayo ni ya jamii ya salfa, na mesalazini. Zifikapo katika utumbo mpana, bakteria waishio humo huikata pingu hiyo. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford walibainisha kwamba mesalazini ndiyo iutibuyo utumbo. Salfa ikaonekana kuwa punda wa kubebea mzigo tu, tena punda mwenye mateke, kwa kuwa madhara mengi ya dawa hiyo yalinasibishwa nayo. Mesalazini ikatengenezwa peke yake. Hata hivyo, baadaye wagonjwa waliotumia mesalazini pekee nao waliripotiwa kupatwa na dhara lile lile la mapafu.

Mgonjwa huanza kwa kikohozi kikavu, homa na kuishiwa na pumzi. Dalili hizi huweza kuzuka baada ya wiki au miezi kadhaa, pengine hata miaka. Picha ya eksirei huonyesha mabaka mapafuni, na mara nyingi damu hupatikana na wingi wa eosinofili, chembe nyeupe zinazohusishwa na mzio.

Ugumu ni kwamba hakuna dalili hata moja hapo iliyo ya dhara hili peke yake. Katika nchi yetu, kikohozi na homa vikiandamana na kukonda, fikra za kwanza huenda kwenye kifua kikuu. Dhana hiyo si ya kupuuzwa: mwaka 2001 ilidhihirika kwamba infliksimabu, dawa nyingine ya maradhi haya, huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kabla ya kuianza. Methotreksati nayo ina dhara lake la mapafu. Isitoshe, maradhi yenyewe ya utumbo huweza kuziathiri njia za hewa bila dawa yoyote kuhusika.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mgonjwa aliyefika kwa ajili ya kifua akiulizwa, “Unatumia dawa gani?” huenda akajibu, “Sijameza kitu, daktari,” kwa sababu vidonge vyake ni vya tumbo. Swali lifaalo ni refu zaidi: “Kuna dawa yoyote unayomeza, hata isiyo ya kifua?”

Dawa ikishathibitika kuwa chanzo, daktari huisimamisha na wengi hupata nafuu. Baadhi huhitaji steroidi. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake, kwani utumbo nao huweza kuchachamaa. Atatafutiwa dawa mbadala, na ile ya awali itaandikwa kwenye faili lake asije akapewa tena, maana akirudishiwa, kikohozi huweza kurejea.