Urwagwa ya Rusizi: Nini huitofautisha pombe ya ndizi na pombe haramu?

Katika vilima vya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, mgomba haupandwi kwa ajili ya chakula pekee. Sehemu ya mavuno huishia katika urwagwa, pombe ya ndizi inayonywewa katika vilabu vidogo vya vijijini, kwenye harusi na katika vikao vya kupokea posa.

Pombe hiyo ni fedha ya ada ya shule kwa kaya nyingi. Hata hivyo, mara nyingi hutajwa pamoja na vinywaji haramu ambavyo serikali huvimwaga na kuwakamata wanaovitengeneza. Je, tofauti iko wapi?

Urwagwa hutengenezwaje?

Ndizi za pombe huvunwa zikiwa mbichi, kisha hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto. Baada ya siku chache huwa zimeiva. Humenywa na kukandwa kwa nyasi ndani ya hodhi refu la mbao lenye umbo la mtumbwi, hadi maji yake yajitenge na nyama ya tunda.

Maji hayo matamu huitwa umutobe. Kabla hayajachachuka hayana kilevi, na ndiyo sababu hunyweka hata na watoto na kwa wasiotumia pombe, wakiwamo Waislamu.

Ili umutobe uwe urwagwa, huongezwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa uchachuke kwa siku mbili au tatu.

Kiswahili husema "kupika pombe", lakini urwagwa haipikwi. Hakuna hatua ya kuichemsha. Maji machafu yakitumika kuikamulia, au mikono na vyombo vikiwa vichafu, vijidudu hubaki ndani yake. Usafi wa mtengenezaji ndio kinga ya kwanza ya mnywaji.

Pombe ya jirani

Majirani nao wana pombe za namna hii. Ng'ambo ya mto Rusizi, katika Kivu Kusini, pombe ya ndizi huitwa kasiksi. Burundi huitwa urwarwa, Wahaya wa Kagera huiita rubisi, na Wachaga wa Kilimanjaro huchanganya ndizi na ulezi kupata mbege.

Pombe zote hizi haziwezi kukaa muda mrefu. Baada ya siku chache huwa chachu. Kwa hiyo huuzwa karibu na zilipotengenezwa, na mnywaji humjua aliyeitengeneza. Jina jema la mtengenezaji lilikuwa ndicho cheti chake.

Bia ya kiwandani ilikuja na utaratibu mwingine. Kampuni ya Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957 huko Gisenyi, kaskazini mwa Ziwa Kivu, na kuanzia mwaka 1963 kiwanda chake kilitumia gesi ya methani iliyovunwa ziwani humo. Chupa yake inaweza kusafirishwa mbali na kukaa dukani kwa miezi.

Hatari inatoka wapi?

Mamlaka za Rwanda hupiga vita vinywaji vinavyojulikana kwa Kinyarwanda kama inzoga z'inkorano, yaani pombe za kughushi. Baadhi huitwa kwa majina ya mitaani kama muriture. Hizi huchachushwa haraka kwa sukari, hamira na viambato ambavyo mnywaji hawezi kuvitambua. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji inayotoneshwa, imewekwa kisheria katika orodha ya dawa za kulevya.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, aina ya alkoholi ambayo hata kiasi kidogo chake huweza kupofusha au kuua. Mwishoni mwa mwaka 2021, watu kadhaa walifariki dunia nchini Rwanda baada ya kunywa kinywaji kilichokutwa na methanoli. Kinywaji hicho kilikuwa kimefungwa na kuuzwa kama bidhaa ya kawaida. Chupa peke yake, basi, si dhamana ya usalama.

Pombe ya ndizi inayofungwa kwa ajili ya soko sasa hutakiwa kukidhi viwango vya taifa, na Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoanzishwa mwaka 2018, ina jukumu la kukagua. Kwa mtengenezaji mdogo wa kijijini, gharama za jengo, vipimo na vyeti ni mzigo mzito. Ushirika ni njia mojawapo ya kuubeba.

Kilabu kinapofungwa

Umuhimu wa vilabu ulionekana wakati wa janga la korona. Baa za Rwanda zilifungwa Machi 2020 na kuanza kufunguliwa tena Septemba 2021. Rusizi, mji wa mpakani, iliwekewa pia zuio lake la kutotoka mnamo Juni 2020. Mapato yaliyotegemea wateja wa jioni yalikatika.

Uingereza nayo imekabiliwa na swali la kulinda vinywaji vya kienyeji. Mwaka 1971 wanywaji walianzisha chama cha CAMRA kutetea bia ya asili inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, ambayo kama urwagwa huharibika siku chache baada ya kufunguliwa. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa wakazi wa England haki ya kuomba baa yao iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, ili ikiuzwa wapate muda wa kutafuta fedha za kuinunua.

Mnywaji afanye nini?

Wataalamu wa afya huonya kuwa hakuna kilevi kisicho na madhara, na sheria ya Rwanda hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kuchangia mrija mmoja, desturi iliyokuwa ishara ya udugu, hueneza magonjwa. Ni heri kila mtu awe na chombo chake.

Anayekunywa na aulize pombe imetengenezwa na nani na kwa nini. Mtu akiumwa kichwa kupita kiasi, akitapika au akianza kuona ukungu baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja ulevi umtoke.