Lumbesa Kwenye Programu: Kwa Nini Tufiche Kilichomo Ndani ya Aina za Data

Kwa tunaoifahamu Rungwe, neno lumbesa halihitaji kamusi. Ukipita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu msimu wa viazi, unayaona magunia yamejazwa hadi mdomoni, halafu juu yake yameongezewa kilemba na kushonewa kwa kamba. Mnunuzi anasema "gunia moja". Mkulima analipwa gunia moja. Lakini viazi vilivyoondoka shambani ni zaidi ya gunia. Wakala wa Vipimo wanapiga vita mchezo huu miaka mingi, na dawa yao ni ileile: leteni mzani, tuongee kwa kilo.

Naanza na viazi kwa sababu wenzangu kadhaa wameniuliza kuhusu ile mada ya aina fiche kwenye programu za kifunksheni. Wanaona ni ya kutafutia maksi tu. Kwa maoni yangu ni mada ya haki kwa mtu atakayeitumia programu yako bila kuuona msimbo wake. Nitaieleza kwa namna ambayo hata wewe wa Kilimo au Sheria utaifuata.

Tuchukue mfano wa chai. Mkulima mdogo wa Rungwe anachuma majani mabichi, yanapimwa kituoni, gari linayapeleka kiwandani Katumba au Mwakaleli, na malipo yanafuata kilo. Tuseme kikundi cha wakulima kinataka programu ndogo ya kutunza kumbukumbu: uzito wa kila siku, bei, na namba ya simu ya kutumia malipo.

Mwanafunzi anayeanza ataandika uzito kama namba tupu, bei kama namba tupu, na simu kama mfuatano wa herufi. Programu inakubali na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kwa kompyuta, 40 ya kilo na 40 ya shilingi ni kitu kimoja. Ukizijumlisha, hakuna wa kukushtua. Ukiingiza kilo hasi 12 kwa kuteleza kidole, inapita. Hiyo namba tupu ndiyo gunia lisilo na mzani: jina lipo, ila kila mtu anaweka ndani anachotaka. Na atakayeumia ni mama aliyeamka alfajiri kwenda kuchuma, maana mwisho wa mwezi yeye anaona jumla tu.

Sasa tazama moduli hii fupi ya Haskell:

module Uzito (Uzito, kutokaKilo, jumlisha, andika) where

newtype Uzito = Uzito Double

kutokaKilo :: Double -> Maybe Uzito
kutokaKilo k
  | k > 0 = Just (Uzito k)
  | otherwise = Nothing

(Nimeacha mwili wa jumlisha na andika ili tusichoke.)

Siri yote iko kwenye mstari wa kwanza. Mabano yale ni orodha ya vitu ambavyo moduli inaviruhusu kutoka nje. Jina la aina, Uzito, linatoka. Kijenzi chake, yaani ile Uzito ya pili inayobeba namba ndani, hakitoki. Kwa hiyo aliye nje ya moduli anajua kuna kitu kinaitwa Uzito, anaweza kukipokea, kukituma na kukijumlisha, lakini hawezi kukifungua wala kukitengeneza kwa mkono wake. Akitaka uzito mpya lazima apite kutokaKilo, na hapo ndipo penye mzani. Akileta kilo hasi, anarudishiwa Nothing, yaani hakuna kitu. Hiyo ndiyo aina fiche.

Kwenye lugha za kifunksheni jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha hizi zinatupa uwezo mkubwa wa kuifungua thamani yoyote na kutazama imejengwa na nini. Ni raha kweli. Lakini uwezo huohuo unamfanya kila mtu azoee kuchungulia ndani, na watu wakishachungulia, wanaanza kutegemea walichokiona.

Faida ya kwanza umeshaiona: mlango ni mmoja, na mlinzi ni mmoja. Huna haja ya kukagua kilo hasi sehemu ishirini za programu. Tena ukitengeneza aina nyingine mbili, Bei na Shilingi, kompaila itakataa kabisa mtu akijumlisha kilo na shilingi. Kosa linakamatwa mezani kwako kabla halijafika kwenye karatasi ya malipo.

Faida ya pili ni uhuru wa kubadili mawazo. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za Double, inakupa 0.30000000000000004. Kwa siku moja si kitu, lakini kwenye hesabu za malipo hutaki mabaki ya namna hiyo. Suluhisho ni kutunza gramu kwa namba kamili badala ya kilo zenye desimali. Kwa kuwa kilichomo ndani kimefichwa, unabadilisha moduli moja tu. Wengine wote wanaendelea kuita kutokaKilo na jumlisha, na hawajui kama ndani umehamia gramu.

Mfano mkubwa wa kilichoonekana kikategemewa tunao mifukoni mwetu. Kwa miaka mingi Mtanzania akiona namba ya simu alijua mtandao papo hapo: 0754 ni Voda, 0784 ni Airtel, 0713 ni Tigo. Ilikuwa rahisi kuandika programu inayochukua tarakimu nne za mwanzo na kuamua mtandao. Kisha tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ikaanza huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Kuanzia hapo, mwenye 0754 anaweza kuwa Airtel. Tarakimu za mwanzo zinakuambia namba ilizaliwa wapi, hazikuambii inakaa wapi leo. Hata majina hayakai: mwaka 2024 Tigo imekuwa Yas.

Kama simu ni mfuatano tu wa herufi, ile tabia ya kukata tarakimu nne imetapakaa kila kona, na hakuna njia ya uhakika ya kuzipata kona zote. Kama simu ni aina fiche, anayetaka mtandao hana namna isipokuwa kuita funksheni moja, tuiite mtandao. Hapa niwe mkweli: kuficha hakufanyi mabadiliko yawe bure. Zamani jibu lilipatikana kwa kuitazama namba yenyewe; sasa lazima uulize nje ya programu, na kwenye Haskell hilo linabadilisha aina ya jibu la funksheni kuwa IO. Lakini ukiibadilisha, kompaila inakuorodheshea kila sehemu inayoiita. Unazipitia moja moja hadi ziishe. Tofauti ya kutafuta kwa kubahatisha na kufuata orodha ni kubwa mno pale fedha za watu zinaposubiri.

Wazo lenyewe si geni. David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba kila moduli ifiche uamuzi unaoweza kubadilika. Mwaka 1974 Barbara Liskov na Stephen Zilles walichapisha makala yao kuhusu aina za data dhahania. Miaka hiyohiyo, Robin Milner na wenzake Edinburgh walitengeneza lugha ya ML kwa ajili ya mfumo wa kuthibitisha kanuni za hisabati. Walifanya aina ya "kanuni iliyothibitishwa" kuwa fiche, na njia pekee ya kuipata ilikuwa kupitia sheria za mantiki zilizokubaliwa. Huwezi kubandika jina la kanuni juu ya uongo. Mimi naiona ni vita ileile ya lumbesa, sema ilipiganiwa kwenye hisabati.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla hujakimbilia kuficha kila kitu.

Kwanza, huu si ulinzi dhidi ya wezi. Aina fiche inawazuia waandishi wa msimbo kutegemea kilichomo ndani. Haifungi data kwa nywila.

Pili, ukiwa na Haskell, usiweke deriving Read kwenye aina kama Uzito. Utakuwa umefungua dirisha la nyuma: mtu ataandika maneno "Uzito (-5.0)", atayasoma kwa read, na atapata uzito hasi bila kupita kwenye mzani.

Tatu, si kila kitu kinastahili kufichwa. Siku za wiki ni saba na hazitabadilika. Ziache wazi watu wazitumie kwa raha. Ficha pale penye sharti la kulinda, au pale ambapo uamuzi wako wa leo unaweza kubadilika kesho.

Kwa mnaoandaa miradi ya mwaka wa mwisho, na najua wengi mnatengeneza mifumo ya vikundi vya chai, maziwa, ndizi na parachichi, jaribuni hivi. Orodhesheni namba zote kwenye mfumo wenu. Kwa kila moja ulizeni: hii ikiingia vibaya, nani atapunjwa? Zile ambazo jibu lake ni jina la mtu, zitengenezeeni moduli yake, orodha fupi ya vinavyotoka, na mlango mmoja wa kuingilia. Kwenye OCaml orodha hiyo inakaa kwenye faili la .mli, kwenye Elm inakaa juu ya moduli kama kwenye Haskell. Ni kazi ya jioni moja.