CHAPA, MCHORO AU NAKALA? Istilahi za kuthamini picha za miji ya kale

Tuseme msimamizi wa mirathi mjini Bariadi anaorodhesha mali ya marehemu mwalimu. Baada ya ng'ombe, plau na baiskeli, anafikia fremu yenye karatasi kuukuu: mji wa pwani, rangi zilizofifia, na neno Quiloa. Anaandika "picha moja ya zamani", kisha anaendelea na viti. Orodha hiyo ikipelekwa kwa mthamini na kufasiriwa, mfasiri naye hana la kufanya ila kuandika picha. Warithi watalipwa bei ya kioo na mbao.

Katika orodha hiyohiyo ng'ombe hawakuandikwa hivyo. Kila mmoja alitajiwa jinsia, rangi na chapa, kwa kuwa hakuna mnunuzi wa mnadani, Simiyu au kwingineko Usukumani, ambaye angeridhika na maneno "ng'ombe mmoja". Basi lililokosekana si mazoea ya kueleza kitu barabara, bali maneno ya kukieleza.

Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1572, miaka 67 baada ya Wareno kuuteka mji huo, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa mjini Cologne juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia. Kufikia 1617 juzuu zilikuwa sita. Ukurasa mmoja wa juzuu ya kwanza una Aden pamoja na Mombasa, Kilwa na Sofala. Kurasa nyingi za kitabu hicho zilikatwa na kuuzwa mojamoja, na picha za kisasa zilizoiga kurasa hizo nazo zimeenea. Mthamini hana budi kuzitenganisha, na hawezi kufanya hivyo ikiwa zote zinaitwa picha.

Kwa jumla ya kazi za aina hii tunapendekeza neno chapa. Chuma kimoja kilichotiwa moto huacha alama ileile katika ngozi za ng'ombe mia. Vivyo hivyo bamba moja la shaba nyekundu huacha picha ileile katika karatasi mia. Mchoro haufai, kwani ni kazi ya mkono iliyofanywa mara moja. Nakshi nayo imekwisha kuzoeleka katika milango ya Unguja na Lamu, na maana yake ni pambo.

Chini ya chapa zinafuata aina zake. Fundi akichimba mistari katika bamba kwa patasi ndogo kali, tunapata chapa ya mchongo. Akilipaka bamba nta, akachora juu yake kwa sindano, kisha akalitumbukiza katika tindikali ili ile mahali palipokwaruzwa, tunapata chapa ya tindikali. (Walimu wa kemia watatuwia radhi, asidi ni neno lao, lakini mafundi wana tindikali.) Katika njia zote mbili wino husuguliwa ndani ya mistari, uso wa bamba hupanguswa, na karatasi iliyoloweshwa kidogo hukandamizwa juu yake. Kwa kioo cha kukuzia, mstari wa patasi huonekana umechongoka mwishoni, ilhali wa tindikali huisha butu na kingo zake hukwaruza kidogo. Picha iliyotolewa kwa kamera na mashine za kisasa aghalabu huonyesha vitone vidogo vilivyopangwa safu. Kurasa za Braun na Hogenberg kwa kawaida huorodheshwa kuwa chapa za mchongo, ingawa wauzaji huchanganya.

Neno la hatari zaidi ni nakala. Karatasi mia zilizotoka katika bamba la Hogenberg zote ni chapa asilia. Hakuna moja iliyo mama wa nyingine. Karani akiandika "nakala", amekwisha kuishusha thamani kabla ya mthamini kuvaa miwani. Tunashauri nakala ibaki kwa ile iliyoiga chapa nyingine, na si kwa iliyotoka katika bamba lenyewe.

Kuhusu rangi, "picha ya rangi" haitoshi, maana hata kalenda ni picha ya rangi. Iandikwe: iliyotiwa rangi kwa mkono. Ikiwezekana isemwe pia kama rangi ni ya wakati wa kupigwa chapa au imeongezwa baadaye, kwa sababu ya kwanza aghalabu huthaminiwa zaidi. Hapo kugeuza karatasi husaidia. Kijani cha zamani kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba hupenya hadi nyuma na kuacha madoa ya kahawia, hata huweza kuipasua karatasi. Maandishi yaliyopigwa nyuma, kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, nayo huonyesha ukurasa ulitoka katika toleo gani.

Msimamizi wetu angeweza basi kuandika: "Chapa moja ya mchongo wa shaba, iliyotiwa rangi kwa mkono, ya miji ya Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala, ukurasa wa kitabu kilichotoka mara ya kwanza Cologne 1572, maandishi ya Kilatini nyuma, madoa ya kahawia penye kijani." Ni mistari mitatu tu, na kila neno lake mthamini anaweza kulihakiki.

Tumekwama katika jambo moja. Bamba likikandamizwa huacha bonde dogo la pembe nne kuizunguka picha, nalo ni dalili ambayo mthamini huitafuta mapema. Wengine kati yetu wanasema ukingo wa bamba, wengine kovu la bamba. La kwanza lina kasoro ya kutaja bamba lenyewe badala ya alama iliyobaki katika karatasi. La pili lingependeza zaidi kama kovu lisingefikiriwa kuwa ni kasoro. Walimu wa sanaa na mafundi wa viwanda vya uchapaji watuletee neno wanalolitumia.