VIPELE AMBAVYO SI VYA NGOZI TU



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya vipele. Pengine utacheka na kuuliza ni nyumba gani isiyo na vipele. Ni kweli, vingi si vya kutisha. Lakini vipo ambavyo mzizi wake hauko kwenye ngozi.

Alikuja kwetu mama mmoja mwenye vipele usoni na shingoni, kila kimoja kikiwa na kibonyeo katikati kama kitovu. Havikumwasha. Dukani alikuwa ameuziwa marhamu mara mbili. Nasi, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu siku ile, tukampa marhamu ya tatu. Hatukumwuliza kama kichwa kinamwuma. Baada ya siku kumi ndugu zake walimleta kwa machela, anatapika, hawezi kutazama mwanga, anawaita watu kwa majina yasiyo yao. Nyumbani walikwisha kusema amerogwa.

Ugonjwa wake uliletwa na aina ya fangasi iitwayo kriptokokasi. Huishi katika udongo na katika kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Watu wengi huivuta kwa pumzi bila kujua, na mwili wenye kinga huishinda. Lakini kwa mwenye VVU ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 200, na zaidi sana chini ya 100, fangasi hii huingia katika damu na kusambaa hadi ubongoni, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi kwenye ngozi. Huweza kumpata pia aliyepandikizwa figo, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kumhudumia mgonjwa. Yule mama alikuwa ametengewa sahani na kikombe chake, bure kabisa.

Daktari alipotaka kupima maji ya uti wa mgongo, mume wake alikataa. "Mkimchoma mgongo atapooza," alisema. Hofu hii tunaisikia kila mara. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wenyewe unapokoma, na kupooza kwa sababu yake ni jambo la nadra mno. Tena kwa ugonjwa huu si kipimo tu, ni tiba. Maji yakizidi kichwani hukandamiza ubongo na macho, na kuyapunguza huokoa maisha. Mume alikubali siku ya pili. Mama alipona, lakini uwezo wake wa kuona haukurudi wote. Siku ile moja ilikuwa na gharama yake.

Zamani wagonjwa hawa walitundikiwa dripu ya amfoterisini kila siku, na figo ziliumia. Utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe ulileta nafuu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina iliyoboreshwa, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Kisha flukonazoli huendelea kwa miezi mingi. Kwa ambaye hajaanza dawa za kupunguza makali ya VVU, daktari humngojesha wiki nne hadi sita, maana kinga ikirudi ghafla inaweza kuleta uvimbe kichwani. Hilo ni la daktari kuamua, si sababu ya mtu kuacha dawa zake.

Yule mama aliziacha miezi minane. Ni kiongozi wa jumuiya, akaona haya kukutana kliniki na wanajumuiya wake. Hatumlaumu. Tunajua macho ya watu yalivyo.

Kipo kipimo cha damu kinachoweza kugundua fangasi hii hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mwenye CD4 za chini akiombe. Na ukiwa na VVU ukaona vipele vya namna hii, au homa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, usiende dukani. Mwambie muuguzi yote mawili, ngozi na kichwa. Siku hizi sisi tunauliza wenyewe, lakini foleni ikiwa ndefu, msingoje tuulize.