Kiduha Hung'olewa Kabla ya Kuchanua

Mgeni aonaye maua ya zambarau katikati ya mahindi huko Butere, Kaunti ya Kakamega, huenda akayasifu. Mwenye shamba huyatazama kwa majonzi. Hicho ni kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Huinyonya mizizi ya mahindi lingali chini ya ardhi. Lichomozapo, hasara imekwisha kutendeka.

Kwa nini basi ling'olewe? Kwa sababu mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, ziwezazo kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE na wenzao wa Kenya na Uingereza walibuni njia ya kupanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi, na mabingobingo pembeni. Desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi watobao mabua, mabingobingo huwavuta. Mizizi ya desmodiamu nayo huziotesha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kuushika mzizi wa mhindi, zikafa. Ng'ombe hupata malisho.

Ndugu walimu, mwanafunzi apalilizwaye kwa kuchelewa hujifunza kulichukia jembe. Afundishwe kwanza adui aliyeko chini ya mhindi. Atapalilia bila kutumwa.