Vikundi vya mazingira hukua miche inapohesabiwa

Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi. Mingi haikudumu.  

Harakati iliyoanzia hapo, Green Belt Movement, ilijengeka ilipohamia kwa vikundi vya wanawake vijijini, ambako kuni zilikuwa zimeadimika. Wataalamu wa misitu waliotumwa kuwafundisha walizungumza mambo mazito mno kwa kazi ya kuotesha mbegu. Wanawake hao wakarejea ujuzi wao wa shambani, wakaokota mbegu za miti ya kienyeji na kuziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika.

Kila mche ulilipiwa takriban senti 4 za dola ya Marekani. Kiasi hicho ni kidogo mno. Uzito ulikuwa katika sharti lake: hakuna malipo mpaka mche uliopandwa uthibitike kuwa umeshika. Hivyo wanakikundi walilazimika kurudi katika mashamba ya majirani waliowagawia miche, kuhesabu iliyo hai na kutoa taarifa. Majirani nao waliunda vikundi vyao.

Kwa hesabu ya harakati yenyewe, miti zaidi ya milioni 50 imepandwa tangu 1977. Maathai, aliyefariki dunia mwaka 2011, alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.