Kinga katika mlima: mpando unachosha, mteremko unaua

Ndugu mfanyakazi, ukikaa Likasi, Panda ao Kambove, hakuna haja ya kukufundisha mlima ni kitu gani. Miguu yako inajua. Kinga yako inakubeba wewe, mkoba wa chakula, na siku nyingine mfuko wa unga ao magunia ya makala. Ukiuliza watu ni wapi pana hatari katika njia ya kazi, wengi watakuonyesha mpando: "Pale roho inataka kutoka." Lakini pale roho haitoki. Pale unashuka, unasukuma kinga pole pole, unafika na jasho tu. Hatari inakungoja upande wa pili wa kilima, pale unapopumzisha miguu na kuacha kinga iende yenyewe.

Tuangalie sababu. Freni haifanyi mwendo upotee bure. Inaugeuza kuwa moto. Chukua mtu, kinga yake na magunia ya makala, vyote pamoja kilo 200. Ateremke kilima chenye urefu wa mita 100 kutoka juu hadi chini. Kama anashuka pole pole, karibu nguvu yote ya uzito ule inaishia katika mipira ya freni na janti ya gurudumu. Moto huo ungetosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji. Vikombe viwili vya chai, katika vipande vidogo vya mpira vinavyoenea katika kiganja! Mpira ukipata moto mwingi unalainika, unateleza, na mkono unakaza bila faida.

Huko Burundi kuna mteremko mrefu kuliko yote yetu. Barabara kutoka Bugarama kwenda Bujumbura inashuka zaidi ya mita 1 000 hadi karibu na ziwa Tanganyika, na vijana wanaishuka na mizigo mikubwa ya ndizi juu ya kinga. Fanya hesabu ile ile kwa kilo 200: moto wa kuchemsha zaidi ya lita 5. Ndiyo maana mtu mwenye akili anasimama njiani, anaacha freni zipoe, kisha anaendelea.

Basi, mbele ya kuteremka, simama juu ya kilima. Kaza freni ya mbele, sukuma kinga: gurudumu lisizunguke. Fanya vile vile na ya nyuma. Angalia mipira. Kama imeliwa mpaka chuma kinagusa janti, usipande. Teremka kwa miguu. Kuna wengine wanakata kipande cha pine ya zamani na kukifunga mahali pa mpira wa freni. Kwa barabara ya tambarare kinaweza kusaidia siku moja. Kwa mlima ni kujidanganya, kwa sababu mpira ule haukutengenezwa kwa moto wala hautakaa sawa juu ya janti. Na yule anayekanyaga gurudumu la nyuma kwa soli ya sandale, huyo hana freni, ana bahati tu.

Anza mteremko pole pole tangu juu. Hili ni neno kubwa kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama inazidi karibu mara nne. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo wakati ambao macho yanaona mbuzi na mkono unaanza kukaza. Mita 11 zimeisha, na freni bado haijafanya kazi! Tumia freni zote mbili, ya nyuma kwanza, kisha ya mbele bila kuishtua, na usukume matako nyuma juu ya kiti. Punguza mwendo mbele ya kuingia katika kona, wakati kinga bado imesimama wima. Ukikaza katikati ya kona juu ya changarawe, gurudumu linakuponyoka.

Wakati wa mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4, janti iliyoloa haishikwi mara moja. Gurudumu linazunguka mara kadhaa mbele ya mipira kufuta maji. Kaza kidogo kidogo mapema ili kukausha. Wakati wa kipwa nao una mtego wake, na sisi watu wa Katanga tunausahau kila mwaka: asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi, vidole vinakufa ganzi, na mkono unachelewa kukaza. Vaa glavu ao funga vitambaa mikononi. Mama wa nyumba, soksi za zamani zilizokatwa vidole zinafaa sana kwa kazi hii.

Sasa kamio. Katika mpando kamio yenye shaba inapita pole pole, na kijana anashika nyuma ili avutwe. Vijana wa Bugarama wanajulikana sana kwa mchezo huo, na hapa kwetu pia tunauona. Fikiri kidogo: dereva hakuoni. Akibadilisha vitesi, kamio inashtuka. Akikwepa shimo, wewe unaingia ndani yake, maana mbele yako huoni barabara, unaona chuma tu. Katika mteremko, toka kabisa upande wa barabara ukisikia kamio nyuma. Freni zake nazo zinapata moto kama zako, lakini yeye anabeba makumi ya tani. Katika 2019, karibu na Tenke, kamio ya asidi iligongana na magari mengine, na watu wengi walikufa. Kinga haina cha kujitetea mbele ya mambo kama hayo, isipokuwa kuwa mbali.

Mtasema: mbona wale wa mashindano wanaruka katika milima kama ndege? Kweli, mwezi wa 9 wa 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume, zaidi ya kilomita 260 za kupanda na kushuka. Tulifurahi kuona vilima vya majirani zetu mbele ya dunia nzima. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, hakuna kamio wala mbuzi, na kila mmoja alikuwa na kaske iliyofungwa chini ya kidevu. Kaske yako ya kazi ilitengenezwa kwa jiwe linalotoka juu. Bila kamba ya kidevu inaruka mbali mbele kichwa hakijafika chini. Kama huna nyingine, ivae, lakini ifunge.

Jambo la karatasi, kwa ufupi. Aksida ikikupata katika njia ya moja kwa moja kati ya nyumba na kazi, sheria ya Congo inaihesabu kama aksida ya kazi. Mjulishe mkubwa wako siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo, na taja mtu aliyeona. Lakini ukiacha njia yako kwenda kutafuta makala kilomita nyingine kumi, unaweza kupoteza haki hiyo, na watoto wako wataipoteza pamoja nawe.

Na watoto, hapo wazazi wote wawili wasikilize. Baba akilala baada ya kazi ya usiku, mtoto anachukua kinga na kuteremka nayo mtaani. Kinga ni kubwa, miguu haifiki chini. Akianguka, mara nyingi ncha ya gidoni inampiga tumboni. Analia kidogo, anaamka, anacheza. Juu ya ngozi hakuna kitu, pengine duara ndogo nyekundu. Ndani, bandama ao ini linaweza kuwa limepasuka na linavuja damu pole pole. Kwetu hatari hiyo inazidi, kwa sababu malaria inavimbisha bandama, na bandama iliyovimba inapasuka upesi.

Saa chache baadaye, pengine kesho yake, tumbo linamuuma na kuwa gumu, anakuwa mweupe midomoni, anatoka jasho baridi, anataka kulala tu. Pengine analalamika bega la kushoto, na watu wanalisugua bega kwa mafuta, kumbe maumivu yanatoka kwenye bandama. Usimsugue tumbo, usimpe chakula wala dawa ya kienyeji. Mlaze, mfunike, mpeleke hospitali saa ile ile, hata usiku, na mwambie munganga neno hili kwanza: alipigwa na gidoni ya kinga.